Mfungwa wa Shetani

Mwatime alikuwa radhi kuhoji majambazi kumi kuliko kumhoji msomi mmoja. Jambazi ukimwuliza swali anakudanganya, unaandika uongo wake, unakwenda kuuchunguza, mambo yanaendelea. Msomi ukimwuliza swali anakufundisha, na huna pa kukimbilia.

"Signora," alisema Profesa Brandi, akimwita bibi kwa Kitaliano chake, "unajua neno cattivo limetoka wapi?"

"Silijui, Profesa. Mimi nimekuja kuuliza kamusi yako imekwenda wapi."

"Tutafika huko."

Lo! Mwatime akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumanne, Machi ya mwaka 2006, na tayari siku ilikuwa imemkalia vibaya. Kutoka kwake Temple Hills mpaka hapa Columbia alikuwa amepotea njia mara mbili, kwa sababu waliopanga mji huu walizipa barabara zake majina marefu ya kishairi, kila moja inajipinda kama iliyofuata, na ile ramani aliyoichapisha kwenye kompyuta ilimwambia apinde kushoto mahali ambapo kushoto kulikuwa na bwawa la bata. Alifika jasho linamtoka ndani ya koti, njaa inamuuma, na sasa huyu bwana na neno lake.

Kazi yenyewe aliipata jana kwa simu. Rosemary, mama wa Kikenya mwenye wakala wa kupeleka watunza wazee majumbani, alimpigia akilia. Binti mmoja wa wakala huo, Chepngetich, ameshtakiwa wizi. Kamusi kubwa ya Kilatini, urithi wa profesa kutoka kwa mababu zake Italia, haionekani, na bintiye profesa ameapa kwamba Ijumaa saa sita mchana anapeleka malalamiko kwenye bodi inayotoa vyeti. "Cheti kikienda, dada, yule mtoto kwisha," alisema Rosemary. "Hapa hakuna atakayemwajiri hata kufagia. Niokoe." Mwatime alikuwa sajini wa upelelezi Mombasa kabla ya kuhamia Marekani, na leseni yake ya upelelezi wa kujitegemea hapa Maryland ilimpa zaidi kazi za kuwafuata watu waliodai bima kwa maumivu ya mgongo, kisha wakaonekana wanacheza chakacha harusini. Hii ilikuwa kazi ya kweli, na muda wake mfupi.

Profesa alikuwa ameketi kando ya dirisha, blanketi mapajani, mzee mwembamba mwenye nyusi kubwa. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka. Asubuhi ile alikwisha mwita bintiye kwa jina la marehemu mkewe, na Mwatime alimsikia akiuliza mara tatu kama ni mchana au asubuhi. Kilatini, hata hivyo, kilikuwa hakijaguswa. Kiti cha pekee kilichokuwa karibu naye kilikaliwa na libuku moja lililovikwa karatasi ya kaki. Mwatime alilinyanyua, akaliweka chini miguuni pa mzee, akaketi.

"Haya, Profesa. Nieleze hilo neno lako, halafu unieleze kamusi."

"Kwa Kitaliano cha leo cattivo ni mbaya. Mtu mbaya, mtoto mtukutu, hewa mbaya, supu iliyochacha. Kila mtoto wa Italia analijua kabla hajaota meno yote. Lakini limezaliwa na neno la Kilatini captivus, na captivus maana yake ni mateka. Mtu aliyekamatwa vitani, akafungwa kamba, akapelekwa sokoni kuuzwa."

"Mateka na mbaya, wapi na wapi?" aliuliza Mwatime, na papo hapo akajuta.

"Ndiyo! Wapi na wapi!" Mzee alipiga goti lake kwa furaha. "Kwanza alikuwa mateka tu. Kisha watu wakaona mateka ni mnyonge, duni, wa kuhurumiwa, neno likawa la kila mnyonge. Kisha Wakristo wakasema, mwenye dhambi naye ni mateka. Captivus diaboli, mfungwa wa shetani. Miaka ikapita, shetani akasahauliwa, kamba ikasahauliwa, ukabaki ubaya peke yake. Unaiona dhuluma, signora? Yule mtu hakufanya kitu. Alikamatwa tu. Na kwa kuwa alikamatwa, leo ni yeye aliye mbaya."

Mwatime alikuwa ameyasikia maneno hayo kituo cha polisi miaka nenda miaka rudi, kwa lugha nyingine: kama hana kosa mbona wamemshika?

"Kuna mahali katika nyaraka za Paulo," mzee aliendelea, huku uso umekunjamana, "wale walionaswa na shetani, kwa neno hilohilo. Tito? Timotheo? Wakorintho?" Alijigonga paji la uso kwa kidole. "Limenitoka. Limo kitabuni."

"Naam! Hicho kitabu ndicho nikitakacho. Kiko wapi?"

"Kipo mahali pake," alisema profesa, akafumba macho.

"Kila siku anasema hivyo," ilisema sauti mlangoni. "Njoo nikuonyeshe mahali pake."

Huyo alikuwa Cheryl, bintiye. Mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa serikali huko Washington, suti ya kijivu na simu mkononi. Alimpeleka Mwatime chumba cha vitabu, na vitabu vilikuwa vingi mpaka vingine vimelazwa juu ya wenzao. Katikati ya rafu ya chini palikuwa na pengo.

"Kilikuwa na sura gani?"

"Ngozi. Herufi za dhahabu mgongoni. Kizuri mno."

"Una picha yake?"

"Nani anapiga picha kamusi?"

"Mara ya mwisho kukiona ni lini?"

Cheryl alifikiri. "Krismasi."

"Krismasi! Na leo ni Machi, bibi."

"Nina kazi. Nakuja Jumapili mara moja moja. Wiki iliyopita mume wangu, Ryan, alitaka kumwonyesha muuza vitabu wa kale huko Georgetown, ndipo tukakuta hakipo."

Mwatime aliandika jina la Ryan, akalipigia mstari.

"Nani mwingine anaingia nyumba hii?"

"Huyo msichana tu. Hao watu wanajiachia humu kama kwao. Kandambili bafuni, chupa za pilipili jikoni, hata vitabu vyao vya lugha ya huko kwenu wanavichanganya na vya baba."

"Huko kwetu ni kukubwa," alisema Mwatime. "Na hii habari umemwambia nani zaidi ya Rosemary?"

"Majirani wenye watunzaji wa wakala huo huo. Nimewapigia simu wote. Wana haki ya kujua."

Mwatime alifunga kalamu yake polepole ili asiseme alilotaka kusema. Chepngetich alikuwa hajahukumiwa na yeyote, na mtaa mzima ulikwisha kumjua kuwa mwizi.

Jumatano asubuhi alikwenda Bowie, ambako Chepngetich alikuwa akiishi chumba cha chini nyumbani kwa binamu yake. Alimkuta anapiga pasi sare yake ya kazi, ingawa aliambiwa asikanyage kazini. Alikuwa binti mrefu wa Kinandi, macho yamevimba kwa kulia. Alizima pasi akamvutia Mwatime kiti.

"Karibu, Anti. Nikuletee chai?"

"Niletee ukweli kwanza. Chai itafuata."

"Ukweli ni kwamba hata sijui hicho kitabu! Wanasema cha dhahabu. Mimi sijawahi kuona kitabu ya dhahabu kwa hiyo nyumba. Vitabu ni mingi, Anti, mingi kabisa. Mimi napanguza vumbi, nampea mzee dawa, namwosha, namlisha. Kusoma Kilatini si kazi yangu."

"Mume wa Cheryl, Ryan, unamwonaje?"

"Huja na Cheryl. Anakaa kwa gari anaongea na simu. Hata salamu hana."

"Mlikuwa na ugomvi wowote na Cheryl?"

Chepngetich alikunja sare, akaikunjua tena. "Ni mambo ya nguo za mzee tu. Zilikuwa zinashika kitu nyekundu, kama udongo. Shuka, pajama, hata vidole vyake. Naloweka, nasugua, kesho iko tena. Cheryl akaona siku moja, akaniuliza kama ni damu. Akaniuliza mara mbili, Anti, akiniangalia hapa kwa macho. Kana kwamba nampiga babake."

"Na ilikuwa nini?"

"Sijui. Nilidhani ni dawa inamtoka kwa ngozi. Halafu ikaisha tu."

Mwatime aliinua kichwa. "Ikaisha lini?"

"Mwezi jana. Nilichukua wikendi moja niende harusi ya rafiki yangu huko Baltimore. Kurudi Jumatatu, shuka safi. Tangu hiyo siku sijaona tena."

"Na hiyo wikendi nani alikuwa na mzee?"

"Mwalimu Ghati. Yule mama wa Tarime. Rosemary alimtuma."

Yaa Rabi! Mwatime alikumbuka jibu la Cheryl: huyo msichana tu. Watu hawa wanamshtaki mtu wizi, na hawajui hata nani alilala nyumbani kwao. Alimpigia Rosemary palepale. Rosemary akasema, ah, kweli, Ghati, alisahau, ilikuwa siku mbili tu. Mwatime akapiga namba ya Ghati. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akaacha ujumbe, akanywa chai kwa haraka ikamchoma ulimi.

"Anti," alisema Chepngetich akimsindikiza mlangoni. "Jana nimepata simu kutoka kwa mama mmoja wa Columbia, nilikuwa namtunza mamake kabla ya profesa. Mtu mzuri sana. Ameniuliza kama ile bangili ilipotea kwao zamani ni mimi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikakata simu."

Mwatime alimshika bega, akaenda zake garini akiwa na hasira iliyomfanya akose tundu la ufunguo mara mbili.

Georgetown hakukuwa na mahali pa kuegesha gari. Alizunguka mpaka akalijua kila dirisha la duka, na alipopata nafasi ilikuwa mbali, juu ya kilima, na viatu vyake vilikuwa vipya. Alipoingia kwenye duka la vitabu vya kale alikuwa anachechemea. Mwenye duka, mzee wa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani, alimkumbuka Ryan bila shida.

"Alikuja kuuliza bei, mikono mitupu. Nilimwambia akilete nikione. Hajarudi."

"Hakukuletea kwa siri? Wala mtu mwingine?"

"Bibi, kamusi ile naijua. Profesa aliwahi kuniletea miaka ya nyuma niitengeneze jalada. Nilimwambia ukweli: gharama ya kuitengeneza inaishinda thamani yake. Ngozi imeoza."

"Binti yake ananiambia ni ngozi na dhahabu."

"Labda aliiona hivyo utotoni. Dhahabu imekwisha futika. Na ngozi ya aina ile ikizeeka inageuka unga. Unga mwekundu. Ukikisoma dakika chache unatoka nao mikononi, kwenye shati, kila mahali. Profesa alikataa kukiacha hapa, akaondoka nacho amekikumbatia, na koti lake jeupe lilikuwa kama la mchinjaji."

Mwatime alisahau maumivu ya miguu. Unga mwekundu! Basi yale madoa ya shuka yalikuwa ni kamusi yenyewe, profesa anaisoma kitandani usiku, peke yake. Na yale madoa yalikoma wikendi ya Ghati.

Alirudi garini akiwaza. Ryan alimtoa kwenye hesabu, kwa shingo upande, maana alikuwa amekwisha mchukia kwa ajili ya kukaa garini bila salamu. Lakini mtu aliyeiba ili auze angekuja na mali dukani, na huyu hakuja nayo. Akabaki Ghati. Siku mbili nyumbani, kitabu kipo. Anaondoka, unga umekwisha. Hesabu ilikuwa nyepesi. Mwatime hakuipenda. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa watu, achukue kamusi iliyooza ya Kilatini akaifanyie nini? Alimpigia tena. Simu haikujibiwa. Na juu ya kioo cha gari palikuwa na tiketi ya faini, imebanwa vizuri chini ya waipa.

"Hamnifai!" aliuambia mtaa mzima wa Georgetown.

Alhamisi asubuhi alirudi Columbia kumwambia Cheryl kwamba kuna mtu wa pili. Hakufurahia hata chembe. Kumtoa Chepngetich kitanzini kwa kumtia Ghati halikuwa jambo la kujisifia. Cheryl alikuwa amechukua ruhusa kazini, maana hakukuwa na wa kukaa na mzee, na uso wake ulionyesha hivyo. Chumba kilinuka uji ulioungua.

Kabla Mwatime hajafungua mdomo, profesa alimwona, akainua mkono.

"Signora! Timotheo! Waraka wa pili, sura ya pili, mstari wa mwisho. A quo captivi tenentur. Walionaswa naye, wanashikiliwa mateka. Nilikuahidi!"

"Vizuri, Profesa. Hongera."

"Asubuhi hii nimeangalia kitabuni."

"Baba," alisema Cheryl akifuta meza, "kitabu hakipo. Kimeibwa. Nimekwambia jana, nimekwambia juzi."

"Asante, Lucia," alisema mzee kwa upole. Lucia alikuwa mkewe.

Cheryl alimgeukia Mwatime, mikono kiunoni. "Unaona ninachokabiliana nacho? Haya, umepata nini?"

Mwatime alisimama pale katikati ya zulia, mkoba begani, akamtazama yule mzee. Juzi alijigonga kichwa akitafuta waraka, akashindwa, akataja majina na makanisa ovyo. Leo anao, na sura, na mstari, na maneno yenyewe. Mtu anayemsahau mwanawe wa kumzaa kati ya kitanda na meza ya chai, huo mstari ameutoa wapi?

"Cheryl, nyumba hii ina Biblia?"

"Hapana. Baba hakuwa mtu wa dini. Kwa nini?"

"Jana au juzi alikuja mtu kumtembelea? Mtu wa kanisa? Alipiga simu?"

"Hakuja mtu. Mimi ndiye niliyekuwa hapa."

"Shuka zake umezifua?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu tu, bibi."

"Nimezifua leo. Zilikuwa safi tu, nimezifua kwa sababu ni Alhamisi."

Kwa hiyo mzee anasoma kamusi, na unga hautoki. Mwatime aliyaweka mambo hayo mawili pamoja, akayageuza. Kitabu kimo humu ndani. Kinafunguliwa, kinasomwa, kinalala na mzee kitandani kama zamani, na ngozi yake bado imeoza vilevile. Kuna kitu kinachouzuia unga usimwagike. Kitabu kimefunikwa.

Hapo ndipo alipokumbuka kiti. Jumanne. Libuku la karatasi ya kaki. Alilinyanyua yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii miwili, akaliweka chini ili apate pa kukalisha makalio. Halafu akaketi juu ya kiti kile kuuliza kitabu kiko wapi.

Na angeonaje? Kila muhula ulipofunguliwa, mama yake kule Likoni aliketi mkekani na rundo la magazeti na gundi ya unga wa ngano, akavika vitabu vya watoto wote, kimoja kimoja, na ole wako urudi nyumbani jalada limechanika. Msahafu wenyewe ulikuwa na nguo yake ya kijani. Kwa Mwatime, kitabu kilichovikwa karatasi kilikuwa kitabu tu. Jicho lake lilikipita, sawa na macho ya Chepngetich yalivyokipita kila siku wakati anapanguza vumbi.

"Mjinga wewe," alijiambia kwa sauti.

"Unasemaje?" aliuliza Cheryl.

Mwatime alikwenda akachuchumaa mbele ya profesa. "Profesa, huo mstari, uliangalia wapi? Nionyeshe."

Tangu kesi ianze hakuna aliyemwomba hivyo. Kila mtu alimwuliza kiko wapi, akasema kipo mahali pake, wakatikisa vichwa. Mzee aliingiza mkono chini ya blanketi, akavuta libuku la kaki, akalifungua pasipo kubahatisha, akaweka kidole juu ya safu ya maandishi madogo.

"Hapa," alisema. "Captivus."

Cheryl alisogea. "Hicho si chake. Hicho ni cha hao wasichana. Nilikiona, kina maandishi ya kwao."

Mwatime alikifunga akakigeuza. Juu ya karatasi, kwa wino wa bluu na mwandiko wa duara uliopangwa vizuri kwa rula, paliandikwa: JINA: Profesa Brandi. SOMO: Kilatini. DARASA, na mbele yake mstari mtupu, kwa kuwa mwandishi hakupata jibu.

"Ndiyo, maandishi ni ya kwetu," alisema Mwatime. "Hapa pameandikwa jina la baba yako."

Alibandua selotepu taratibu upande mmoja. Kwa ndani karatasi ilikuwa na nembo ya duka la vyakula. Ilikuwa mfuko wa kubebea bidhaa, umekatwa kwa mkasi na kupinduliwa. Unga mwekundu ulimwagika juu ya mkono wa suti ya Cheryl na kwenye zulia lake jeupe. Mgongoni mwa kitabu, ukikitazama kwa makini karibu na dirisha, palikuwa na kivuli cha herufi zilizowahi kuwa dhahabu.

Cheryl alipangusa mkono wake, akazidi kujipaka.

Simu ya Mwatime ikalia. Aliitazama namba, akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, Mwalimu Ghati."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, nilikuwa kwa mgonjwa, simu naiacha mkobani. Umepiga mara nyingi mpaka nimeogopa. Kuna msiba?"

"Hakuna, Mwalimu. Nataka kuuliza kuhusu kitabu cha Profesa Brandi."

"Kile kinachopukutika? Ee, jamani! Mzee wa watu alikuwa mwekundu mpaka masikioni, anakohoa. Nikasema hapana, kitabu kitamuua huyu. Nikachukua mfuko wa dukani nikakivalisha kava. Kava limechanika?"

"Halijachanika. Mbona hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nilimwambia mwenye kitabu, akanishukuru. Na nani ameniuliza? Ila darasa sikujua nimwandikie la ngapi."

Mwatime alimshukuru, akakata simu, akamfasiria Cheryl neno kwa neno. Cheryl alisikiliza huku akitazama zulia. Alivuta pumzi, kisha akatoa tabasamu la ofisini.

"Basi mambo yamekwisha vizuri. Sitapeleka malalamiko. Mwambie Rosemary hakuna tatizo."

"Nitamwambia. Na Chepngetich arudi Jumatatu?"

"Hapo..." Cheryl alishusha sauti. "Ningependelea aletwe mwingine. Si kwamba nina neno naye. Lakini baada ya haya yote, unaelewa. Sitakuwa na raha."

Mwatime alihisi damu inapanda kichwani. Siku tatu za kuzunguka, tiketi ya faini, malengelenge miguuni, na kitabu hiki hapa, kimepatikana kwenye mapaja ya mwenyewe! Bado yule binti ni mbaya. Hakufanya kitu. Alikamatwa tu.

"Naelewa sana," alisema. "Baba yako alinieleza Jumanne, nami nikadhani ananipotezea wakati." Akabonyeza namba ya Bowie, simu ikiwa bado kwenye spika, akaiweka mezani mbele ya Cheryl. "Mwambie mwenyewe."

Chepngetich aliitika kwa sauti ndogo. Cheryl alikohoa.

"Chepngetich, ni Cheryl. Kitabu tumekipata. Kulikuwa na kutoelewana."

Mwatime aliisogeza simu karibu zaidi na Cheryl.

"Kwa hivyo sikuiba," alisema Chepngetich.

"Hapana. Nimesema, kulikuwa na..."

"Sema hivyo. Sema hukuiba."

Cheryl alimtazama Mwatime, na Mwatime akatazama dari.

"Hukuiba," alisema Cheryl.

"Asante. Kuna watu uliwapigia simu. Mimi nawajua, wengine nilikuwa nawafanyia kazi. Wapigie tena. Mmoja mmoja. Waambie hivyo umeniambia sasa. Ukimaliza nitakuja Jumatatu, kwa sababu huyo mzee bila mimi anaficha dawa chini ya ulimi, na wewe hujui kuangalia. Kama huwezi, hata mimi siwezi."

Simu ikakatwa. Cheryl akatazama saa ya mkononi.

"Nina mkutano wa simu na Washington saa nane. Labda kesho, au wiki ijayo nikipata nafasi, nitawapigia..."

Mwatime alivua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Ah, raha ilioje! Akavuta kile kiti cha kando ya dirisha, akaketi, akaichukua kamusi kutoka mikononi mwa profesa na kuilaza mapajani pake, unga na yote. Tangu Jumanne alikuwa mbioni, na sasa hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Anza na yule mama wa bangili," alisema.

"Bangili gani?"

"Utamjua. Piga tu."

Cheryl alisimama palepale, vidole vyekundu, simu ikiwa mezani mbele yake. Kisha profesa akageuza kichwa kutoka dirishani, akamtazama bintiye kwa muda, nyusi zimekutana.

"Piga, Cheryl," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakukosea jina.

Cheryl akaichukua simu.